DAVID LIVINGSTONE: MHUBIRI ALIYESAHAU MAHUBIRI YAKE

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wa kale tumeona vema safari hii tuwaletee habari za mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia tangu shuleni. Lakini upo upande mmoja wa maisha yake ambao husimuliwa mara chache, na ndio huo tunaoutaka.

Tumemchagua kwa ajili ya vijana wetu. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na tena Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, familia nyingi za pwani hii zimehama, nyingine mara mbili na mara tatu. Ndani ya familia hizo wamo vijana wenye akili na mikono mizuri, ambao wakitakiwa kusema mbele za watu ulimi hukauka na moyo huwaenda mbio. Kijana akiitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi anafika hadi mlangoni, kisha anarudi nyumbani. Wapo pia wanaoshinda ndani tangu asubuhi, hawana hamu ya chakula wala ya wenzao. Sisi wazazi tunasema ni uvivu, au tunasema wamerogwa. Kabla hatujasema hivyo tena, na tusikilize habari za David Livingstone.

Mtoto wa kiwandani

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Scotland. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili. Familia nzima ilikaa katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Wale wanaodhani kwamba kila Mzungu wa zamani alizaliwa katika raha wajue kwamba huyu aliingia kiwandani akiwa na umri wa miaka 10. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika katika mashine ya kusokotea. Alianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikiweka juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake.

Alikuwa mtoto wa kusoma na wa kutembea peke yake mashambani akitafuta mimea na mawe. Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari mjini Glasgow kwa fedha alizoweka akiba kiwandani, akikusudia kwenda China kuwa daktari mmisionari.

Siku ile mimbarani

Mwaka 1838 Shirika la Wamisionari la London lilimpokea kwa majaribio, likampeleka katika mji wa Ongar nchini Uingereza kwa mchungaji Richard Cecil. Huko wanafunzi walitakiwa kuandika mahubiri, kusahihishwa na mwalimu, kuyashika kwa moyo, na kuyatoa mbele ya washarika. Kwa kijana wetu hilo lilikuwa jambo gumu kuliko kazi ya saa 14 kiwandani. Hata katika sala za nyumbani alikuwa akisitasita na kukwama.

Jumapili moja mchungaji wa kijiji jirani, Stanford Rivers, alikuwa mgonjwa, na Livingstone akatumwa kuhubiri badala yake katika ibada ya jioni. Alipanda mimbarani, akasoma neno lake polepole, akafunga Biblia. Hapo kila alichokuwa amekishika kikatoka kichwani. Aliwaambia watu kwa kifupi kwamba amesahau yote aliyotaka kusema, akashuka mimbarani, akatoka kanisani mbio.

Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kusimama mbele za watu ukakosa neno, unajua usiku wake ulikuwaje. Na mambo hayakuishia hapo. Taarifa ya mwalimu wake kwa shirika haikuwa nzuri. Wakuu walikuwa karibu kumkataa kabisa, na kama wangefanya hivyo habari zake zingeishia pale. Lakini mjumbe mmoja wa bodi aliomba kijana aongezewe muda. Akaongezewa miezi michache, na mwisho wake akapokelewa. Kitu kilichomwokoa kilikuwa mtu mmoja aliyekataa kumpima kwa jioni moja.

Akarudi kwenye udaktari. Mwezi Novemba 1840 alikwenda Glasgow kufanya mtihani wa mwisho, na huko likatokea jambo la ajabu. Yule aliyekimbia mimbarani alibishana na watahini wake juu ya matumizi ya kile chombo cha kusikilizia kifua, ambacho siku hizo kilikuwa kigeni kwa wengi. Ubishi huo ulimletea maswali mengi na makali zaidi, lakini hakurudi nyuma, naye akafaulu. Tuangalie vizuri hapo. Katika jambo aliloligusa kwa mikono yake na kulijua, mdomo ulifunguka wenyewe.

Mlango uliofungwa, mlango uliofunguka

China hakwenda. Vita baina ya Uingereza na China, vilivyoanza 1839, vilifunga njia. Siku hizo alikutana na Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman kusini mwa Afrika, aliyemweleza juu ya vijiji vingi vya kaskazini ambako hakuna aliyefika. Tarehe 8 Desemba 1840 akapanda meli, na mwezi Julai 1841 akafika Kuruman.

Huko nako hakupenda kukaa katika makundi ya wamisionari wenzake. Mwaka 1842 alijitenga na Wazungu wote kwa muda wa miezi sita hivi, akakaa kwa Watswana mahali paitwapo Lepelole ili ajifunze lugha na desturi. Hakujificha kitandani. Alikaa na watu wachache, akiuliza jina la kila kitu, akitibu macho na vidonda. Wagonjwa walimjia mmoja mmoja, naye aliweza kusema na mmoja mmoja. Lugha ikamwingia.

Mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa Moffat. Kwa kipimo cha kuhesabu waongofu, kazi yake ilikuwa ndogo sana, kwani anayetajwa sana ni mmoja tu, Mfalme Sechele wa Wakwena, aliyembatiza mwaka 1848 na kumtenga na meza ya Bwana muda mfupi baadaye. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kumwonyesha kazi yake. Mwaka 1849 alifika Ziwa Ngami. Mwaka 1854 alifika Luanda katika pwani ya Angola, akageuka, akavuka bara zima akifuata mto Zambezi, na mwezi Mei 1856 akatokea Quelimane, hapa hapa Msumbiji. Alipima mito, akaandika majina ya vijiji, magonjwa, mimea na lugha. Hakuna shule iliyomfundisha kazi hiyo. Aliikuta njiani akifanya nyingine.

Aliporudi Uingereza mwishoni mwa 1856 umati ulimngoja. Hapo aliogopa tena. Kiingereza chake kilikuwa kizito baada ya miaka 16 ya kusema lugha nyingine, na kuandika kitabu kulimwelemea kiasi cha kuona heri kuvuka bara tena. Hata hivyo alikiandika, kikatoka mwaka 1857. Na mwezi Desemba mwaka huo alisimama mbele ya wasomi wa Cambridge. Hakuwa msemaji mzuri hata hapo, lakini alieleza aliyoyaona kwa macho yake, na watu wakasikiliza. Kutokana na hotuba hiyo ilizaliwa misheni ya vyuo vikuu, ile ambayo baadaye ilijenga Masasi, ng'ambo ya Ruvuma.

Giza la Zambezi

Hapa tungeweza kumaliza, kama tungetaka hadithi tamu tu. Lakini ukweli una sehemu nyingine. Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimrudisha Zambezi akiwa kiongozi wa msafara wenye meli na wataalamu. Mtu aliyejua kutembea na watu wachache akatakiwa kuongoza wakubwa wenzake. Maporomoko ya Cahora Bassa yalifunga njia ya meli. Homa iliwapiga. Wale waliokuwa naye, kama daktari John Kirk, waliandika katika shajara zao jinsi kiongozi wao alivyozama katika ukimya, akawa hasemi na wenzake, kisha akawakasirikia kwa jambo dogo. Wengine aliwafukuza kazi bila haki.

Tarehe 27 Aprili 1862 mkewe, Mary, alikufa kwa homa pale Shupanga, kando ya Zambezi. Mama huyu alikuwa amemzaa na kumlelea watoto katika safari ngumu, kisha akaachwa Uingereza miaka minne katika upweke na umaskini, na alikuwa amemrudia mumewe miezi michache tu. Livingstone alilia kama mtoto. Aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kufa. Mwaka 1863 serikali ikaamuru msafara uvunjwe, na magazeti yakamlaumu. Mwaka 1864 mwanawe Robert akafa akiwa mfungwa katika vita vya Marekani.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, mwaka 1978, daktari Oliver Ransford aliandika kitabu akitoa hoja kwamba Livingstone alikuwa na ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka: majira ya nguvu nyingi, kisha majira ya sonona, yaani huzuni nzito inayokaa bila kuondoka. Mtu aliyekufa hapimwi, basi hayo tunayachukua kuwa maoni ya mganga mmoja. Lakini siku zake za giza ziliandikwa na walioziona.

Katika nchi yetu ya Ruvuma

Sasa anakuja kwetu. Mto Ruvuma alikwisha kuujaribu kwa meli mwaka 1861, na kwa mashua mwaka 1862, akapanda kilomita 250 hivi hadi miamba ilipomzuia. Mwezi Machi 1866 alirudi. Alishindwa kushusha wanyama wake katika mdomo wa mto, akashukia ghuba ya Mikindani. Alikuwa na watu zaidi ya 30, bila Mzungu mwingine hata mmoja. Aliwaajiri Wamakonde wamkatie njia katika vichaka vizito, na mwezi Mei akafika Ngomano, pale Ruvuma inapokutana na Lugenda. Ndiyo Negomano ya leo, lilipo Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010.

Katika njia hiyo aliona maiti za watumwa waliofungwa kwenye miti na kuachwa kwa kuwa hawakuweza tena kutembea. Alikuta vijiji vitupu, watu wamekimbia. Bonde hili lilijua kukimbia kabla yetu.

Miongoni mwa watu wake walikuwamo wawili tunaotaka mwakumbuke. Chuma alikuwa Myao, aliyeuzwa akiwa mtoto na kukombolewa mwaka 1861 katika milima ya Shire. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, aliyeajiriwa kufanya kazi katika meli. Wengi walimkimbia Livingstone, na baadhi yao wakatangaza Unguja kwamba amekufa. Sanduku la dawa likapotea mwezi Januari 1867. Susi na Chuma hawakumwacha.

Alitafuta chanzo cha mto Nile, wala hakukipata. Mto Lualaba alioudhani kuwa Nile ni mto Kongo. Mara nyingi alilishwa na kuuguzwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ambao biashara yao ya watumwa aliichukia. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona watu wa wafanyabiashara hao wakipiga risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Mamia walikufa, wengine majini. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amevunjika moyo, akakuta mali aliyotumiwa imekwisha kuuzwa.

Siku chache baadaye akafika Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, akiwa na chakula, dawa na barua. Yule aliyekuwa amedhoofika akaanza kula mara nne kwa siku, na baada ya muda mfupi wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kuchunguza kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Hatusemi kwamba chakula na rafiki huponya kila ugonjwa. Tunasema vilimwinua mtu aliyekuwa amelala.

Barua zake juu ya Nyangwe zilikwenda na Stanley. Ziliongeza nguvu ya wale waliodai biashara ya watumwa ikome, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Aliyesimamia mkataba kwa upande wa Waingereza alikuwa John Kirk, yule yule wa Zambezi. Livingstone hakujua. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Moyo wake wakauzika chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa jua, na Susi na Chuma wakawaongoza wenzao kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Mwezi Aprili akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Wale wawili baadaye waliitwa Uingereza kusaidia kutengeneza kitabu cha shajara zake. Chuma, aliyekuwa mtoto aliyeuzwa, akawa kiongozi wa misafara anayetafutwa na wasafiri pwani nzima hadi kifo chake mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David.

Tunajua pia kwamba njia alizozichora zilitumiwa baadaye na watawala wa kigeni, na kwamba wanawe walikua karibu bila baba. Hatumleti kwenu kama malaika.

Tujifunze nini?

Kwanza, tusimpime kijana kwa siku moja. Aliyekwama kusoma somo Jumapili asifutwe katika orodha. Mjumbe mmoja wa bodi aliomba miezi michache, basi. Kila kamati ya kanisa ina nafasi ya kuwa mjumbe huyo.

Pili, kazi si ya mdomo peke yake. Katika kambi yetu ipo kazi ya kushona, ya kutengeneza baiskeli na simu, ya kushika hesabu za vikundi vya akiba, ya bustani, ya kusuka nyavu, ya kumsaidia mhudumu wa afya. Mzazi, mtazame mtoto wako mikono yake inakwenda wapi asipoamriwa. Anza hapo. Ukimpeleka kwa fundi, mpeleke wewe mwenyewe siku ya kwanza, ukae naye kidogo. Anayeogopa watu wengi huanza na mtu mmoja.

Tatu, kuogopa watu na kuwa na sonona si uvivu wala si dhambi. Yaliwapata watu wa sala. Kijana akishinda ndani wiki mbili na zaidi, hali vizuri, halali, hana hamu ya kitu, mpelekeni kituo cha afya kama mnavyompeleka mwenye malaria, na huku tunamwombea. Akisema anatamani kufa, msimkemee na msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwiteni mtu mnayemwamini, na mwende naye kituoni.

Nne, neno kwako kijana mwenyewe. Livingstone alipojifungia katika ukimya aliwaumiza wenzake na yeye mwenyewe aliumia. Alipomkubali Chuma, Susi na hata mgeni Stanley, alisimama tena. Huhitaji kuwa na marafiki wengi. Tafuta wawili. Na kama leo huwezi kusimama mbele za watu, fanya kazi ndogo uliyo nayo vizuri leo, kwa kuwa njia yako huenda ikaonekana ukiwa ndani ya kazi hiyo.

Tuzidi kuombeana na kutembeleana, hasa katika vibanda ambavyo mlango wake haufunguliwi. Amani ya Bwana iwe nanyi.